Jiko Lililobembeleza

Nyie mnaofunga madirisha kwa sababu ya baridi, ngano hii ni yenu.

Paliondokea mjane, Bi Namkunda, huko milimani. Watoto walikwishahama, hata paka hakuwa naye. Jioni moja ya baridi kali akaingiza jiko la makaa chumbani, aote moto. Jiko likanena kwa sauti ya marehemu mumewe:

"Mke wangu, funga mlango tuzungumze."

Akafunga. Wakazungumza, akacheka mpaka machozi.

"Mke wangu, funga na dirisha."

Akafunga. Likamwimbia. Kichwa kikamuuma, magoti yakalegea.

"Mke wangu, ziba na ule ufa ukutani, tusiachane tena."

Akachukua kanga akazibe. Alipoinama, hewa ya nje ikampiga usoni, akili ikamrudia.

"Kumbe u zimwi! Unakula pumzi yangu!"

Akajikokota, akafungua mlango, akalisukumia jiko uani kwa mwiko. Huko nje likalia:

"Utabaki peke yako!"

"Najua," akajibu Bi Namkunda, akitetemeka kwa baridi. "Lakini nitabaki."

Ngano yangu naiacha uani, pamoja na lile jiko.