Mtoto wa Chini ya Lambo

Sogeeni karibu. Mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki kujibiwa na mtu anayetafuna. Na anayeogopa mvua aende kulala. Mimi mwenyewe kila nikiisimulia hadithi hii mwili unanisisimka.

Kijijini Mwagulanja walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Lugiko, fundi redio, alikuwa na sikio. Ukimpelekea redio mbovu haifungui. Anaiweka shavuni kwanza, kisha anakuambia inaumwa wapi. Mzee Gindu, aliyekuwa akiamia ndege kwenye majaruba ya mpunga, alikuwa na jicho: kitu akikiona mara moja hakimtoki tena, hata umchanganyie na vingine mia. Na Kabula, mama wa kibanda umiza, pale watu wanapokwenda kutazama sinema kwenye laptopu yake kuukuu, alikuwa na mkono. Sidii iliyokanyagwa na ng'ombe yeye anaibembeleza mpaka inacheza.

Sasa njooni kwa Nkwimba, maana yaliyotokea yalimpata yeye.

Nkwimba alikuwa mjane mwenye mimba ya miezi tisa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, chini ya ukuta wa lambo, lile bwawa la maji la kijiji. Mumewe Masalu ndiye aliyekuwa fundi maji wa kijiji. Homa ya siku tatu ilimwondoa, akaacha mama mzazi, mke, laptopu moja na boksi la sidii. Matanga yakaisha. Mpunga ukatoa masuke na kwelea wakashuka kwa maelfu. Nkwimba akatazama lile boksi. Alikuwa na hasira na marehemu, msimlaumu. Mume kufa ukiwa na mimba changa ni kama kuachwa njiani. Akazitoa sidii zote. Tundu zinalo tayari, kilichobaki ni uzi tu. Akazitundika kwenye miti majarubani, zikawa zinameremeta na kugeukageuka, ndege wakakimbia. Kijiji kizima kikamsifu.

Ndipo mvua ikaja.

Siku ya kwanza watu walishangilia. Siku ya nne hakuna aliyeshangilia. Mto ulikuwa umezunguka nyuma ya nyumba za chini, hakuna pa kuvukia, na mbele yao umesimama ukuta wa lambo wenye urefu wa hatua mia tatu. Mchana huo mama mkwe, Bibi Nyanzobe, alitoka nje kutazama, akarudi ameshika mdomo.

"Mkwe wangu," alisema, "ukuta unatoa jasho. Na jasho lenyewe lina rangi ya chai ya maziwa."

Nkwimba alielewa. Masalu alikuwa akisema: maji safi yakipenya ukutani, lala, yakipenya yenye udongo, ukuta unajila wenyewe kwa ndani. Alikuwa akisema pia kwamba chini ya ukuta lipo bomba lenye koki, la kupunguzia maji siku ya hatari. Liko wapi? Palikuwa na vijiwe vya saruji vya kuonyesha mahali. Watu wa Mwagulanja, Mungu awasamehe, walishavichukua zamani wakafanya mafiga. Kuchimba ukuta kwa kubahatisha ni kujichimbia kaburi.

"Mchoro," alisema Malale, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyekuja mbio na majirani nyumbani kwa Nkwimba. "Masalu alikuwa na mchoro kwenye laptopu."

Wakaitoa kabatini, wakaiweka juu ya godoro, wakaiwasha. Ikalia: tak. Tak. Tak. Kioo kikabaki cheusi. Malale akaizima, akaiwasha. Tak, tak. Akaizima tena, akaiwasha tena. Mmoja akashauri, "Itieni kwenye gunia la mchele, kama simu iliyolowa." Kila ilipogonga, mtoto tumboni mwa Nkwimba aligeuka, naye akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Lugiko alikuwa amejikinga mvua barazani. Hakuiona laptopu, aliisikia.

"Zima!" Aliingia akitiririka maji. "Nani amewafundisha kumpiga makofi mtu anayekata roho?"

"Lugiko, ukuta unabomoka, wewe unasema tuzime?"

"Mle ndani mna sahani inayozunguka mbio, na kijisindano kinachoelea juu yake bila kuigusa. Sasa kinaigusa. Kila ukiwasha, kinakwangua alichoandika marehemu. Imebakiza kuwaka mara moja. Labda."

Malale alitaka kumsukuma kando. Lugiko akaizima, akasimama mbele yake mikono ameitandaza, akakataa katakata, mpaka ilipopoa. Kisha akaitoa kwenye lile godoro lililoizibia hewa, akaiweka juu ya meza iliyosimama sawa, akaamuru mtu yeyote asitembee. Akaiwasha, sikio lake likiwa juu yake. Haikugonga. Hakuomba mchoro, maana mchoro ni mzito na kuutafuta kungeimaliza. Aliomba orodha ya majina ya mafaili tu. Ikaja. Jina moja lilisomeka hivi: Bomba la lambo, nakala ipo kwenye sidii yenye mistari miwili myekundu. Kisha ikasikika sauti kama ya mchanga kwenye meno, halafu kimya.

"Basi," alisema Lugiko. "Hiyo haiamki tena."

Wote wakamgeukia Nkwimba. "Sidii ziko wapi?"

Alinyoosha kidole dirishani, majarubani, ambako maji yalikuwa yamefika kifuani mwa mtu na sidii arobaini na tatu zilikuwa zikigeuka kwenye upepo, zote zinafanana, chini kabisa ya ule ukuta unaotoa jasho. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Bibi Nyanzobe akapiga magoti hapo hapo. "Nasema mbele yenu nyote. Atakayemwokoa mjukuu wangu huyu, mtoto atalibeba jina lake."

"Mti wa tatu kutoka mferejini," sauti ikasema kutoka pembeni. Alikuwa Mzee Gindu. "Jaruba la Sayi. Ina mistari miwili myekundu, na pembeni imeliwa kidogo. Kila asubuhi huwa inanimulika."

"Mzee, zote zinang'aa sawasawa!"

"Kwako wewe."

Vijana wakajitolea kwenda. Akawakatalia. "Ninyi mtatafuta. Hakuna muda wa kutafuta." Akashuka na fimbo yake. Nkwimba alimtazama kutoka dirishani: kwanza magoti yakazama, kisha kiuno, kisha mbavu. Nyuma yake donge la udongo kubwa kama ng'ombe likaporomoka ukutani, maji yakamfunika mzee mzima mzima. Nkwimba akapiga ukelele. Kichwa kikaibuka. Fimbo haikuibuka. Gindu hakugeuka kuitazama. Alikwenda mti wa tatu, akakata uzi kwa meno, akarudi na sidii moja tu ndani ya shati. Ilikuwa na mistari miwili myekundu.

Lakini sidii gani ile! Ina matope na mavi ya ndege, na mkwaruzo kama alama ya ukucha. Malale akaidaka, akaanza kuifuta kwa shati, anaizungusha na kuizungusha.

Kabula, aliyekuwa amekimbilia kibandani na kurudi na laptopu yake, alimpiga kofi mkononi, pwaa! "Unasugua sufuria? Shika pembeni. Lete hapa."

Laptopu yake ndiyo pekee kijijini iliyobaki na mdomo wa kumeza sidii, na betri ilikuwa imebakiza robo. Jua la kuichaji lilikuwa halijaonekana kwa siku nne. Kabula hakuwa na haraka, na utulivu wake ulikuwa unaua watu kwa hofu. Aliiosha sidii kwa maji na povu la sabuni, akaipangusa kwa kitambaa cha pamba, kutoka katikati kwenda nje, katikati kwenda nje. Juu ya mkwaruzo akapaka dawa ya meno kidogo, akaipitisha kidole, akaosha, akakausha. Akafungua ule mdomo, akapuliza vumbi kwenye kijicho cha kioo kinachosoma. Akaitia. Ikazunguka, ikaguna, ikatemwa. Huko nje ukuta ukatoa mlio mzito. Akapangusa tena. Ikatemwa tena. Mara ya tatu aliishikilia kifuani kidogo, akaitia, akaondoa mkono polepole.

Mchoro ukafunguka.

"Hatua sitini na mbili kutoka kona ya kaskazini!" Kabula alisoma kwa sauti. "Kina, mita moja!" Kioo kikazimika, na betri ikawa imekwisha.

Walihesabu hatua, wakachimba, wakaikuta koki. Wanaume wanne waliizungusha mpaka ikakubali, na maji yakatoka kwa ngurumo, yakafuata mfereji wa kando mbali na nyumba. Kabla jua halijazama Nkwimba alijifungua mtoto wa kiume.

Mnadhani imekwisha? Ingekuwa imekwisha, ningewaacha mtafune karanga zenu.

Katika nyumba ya Bibi Nyanzobe mtoto hupewa jina kabla kitovu hakijakatika. Bibi anasema asiyepewa kwa wakati huitwa na wafu kwanza. Masalu alicheleweshewa jina, ndivyo anavyosema, na mnajua Masalu aliishia wapi. Kwa hiyo siku ya tano wale watatu wakaitwa.

"Kama si mimi," alisema Lugiko, "mngeikwangua ile sahani mpaka ikawa kioo cha kunyolea. Nani angejua habari za mistari miwili?"

"Umejua, halafu?" akauliza Mzee Gindu. "Ungeishika kwa sikio? Niliyepita chini ya ukuta ni mimi."

"Ukaleta matope," alisema Kabula. "Mchoro uliletwa na mkono huu."

"Mtoto ni wa kiume," Malale akakumbusha.

"Jina halina gauni wala suruali," Bibi Nyanzobe akamjibu. "Nyamaza."

Nkwimba aliwasikiliza akinyonyesha. Moyoni alitaka kumwita Masalu, kwa sababu ndiye aliyeandika nakala akijua kitu cha kuzunguka siku moja kitagoma. Lakini kiapo ni kiapo, na mkono uliozitundika sidii majarubani ulikuwa wake, kwa hiyo aliona haya kufungua mdomo. Alifunua khanga akatazama tumbo la mwanawe. Kitovu kilikuwa kimenyauka na kuwa cheusi, kimeshikiliwa na kiuzi chembamba.

"Haya, mkwe," alisema bibi. "Sema."

Nkwimba hakusema, ndiyo maana nimewaiteni. Sikio, jicho, au mkono? Au marehemu mwenyewe? Msiniambie wote watatu, mtoto ni mmoja na jina ni moja. Wewe uliyekaa karibu na mlango, na wewe mwenye karanga: angekuwa mwanao, na kiuzi ndicho hicho kinakatika, ungemwita nani?