Bi Mize na Kitabu cha Mihuri Saba

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko busara zao, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na mji huo ulikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Kisima chenyewe kilikuwa kipana kama ukumbi, kimejengewa mawe kutoka chini hata juu. Mwaka mmoja mawe ya ubavuni yakaanguka, yakaziba chemchemi, watu wakawa wanakunywa maji ya chumvi, na watoto wakaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Sultani Mwinyi Kondo akaita mafundi saba, kila mmoja na mji wake. Wakaanza kazi, ikawa kila mtu ana jina lake kwa kila kitu. Huyu akiomba jiwe la ukingo, yule humletea la msingi, na ukuta waliouinua wiki nzima ukaporomoka asubuhi moja. Hapo waziri akanena, "Bwana wangu, na waandike kwanza kitabu kimoja cha maneno ya kazi, wote wakubaliane." Rai yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya uliingia pale Sultani alipoongeza la kwake: "Wala mtu asitamke katika kazi ya kisima neno ambalo halijapigwa mihuri saba kitabuni. Atakayetamka, atakatwa mkono."

Basi mafundi wakaweka nyundo, wakavaa vilemba, wakaketi barazani kwa Sultani, wakawa wanaitwa wataalamu. Kila siku ya kikao hupikiwa pilau, na mkubwa wao, Maalim Zubeiri, hakuwa mtu wa kuikimbia pilau. Miezi minne ikapita, kitabu kina maneno matatu. "Jiwe" lilipigwa mihuri kisha likafutwa, kwa kuwa mmoja aliuliza kama kokoto ni jiwe changa au ni jiwe lililozeeka. Juu ya "vuta" walikaa siku kumi na saba, wakibishana kama avutaye huvuta kamba au huvuta ndoo. Watu wazima hao, wana ndevu.

Na katika mji huo alikuwako mjane mmoja, Bi Mize, msokota kamba za makumbi ya nazi, hana kitu ila ulimi wake na viganja vyake. Mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale watoto waliougua. Siku moja akatwaa kamba yake, akakusanya wanawake wa jirani, wakaenda kisimani kuondoa kifusi. Walikuwa wamekwisha pandisha vikapu thelathini, askari akamsikia akiita, "Vuta!" Akakamatwa, akapelekwa mbele ya Sultani.

"Ewe mwanamke, hukuisikia amri yangu?"

"Nimeisikia, bwana wangu. Mjukuu wangu ndiye hakuisikia, yeye ana kiu."

Maalim Zubeiri akadakia, "Ujinga mtupu! Neno hilo liko mbele yetu bado, nawe umeshalitumia!"

"Nimelitumia, maalim, na jiwe limepanda. Lako lina siku kumi na saba, limepandisha nini?"

Watu wakacheka. Sultani akaona haya, na mwenye enzi akiona haya huwa mkali. Akasema, "Kwa kuwa unawashinda wataalamu, basi Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri, niletee kitabu kimekamilika, maneno yote ya kazi ya kisima, kila neno na mihuri yake saba. Usipoleta, mkono wako wa kulia, huo unaosokotea kamba, utabaki hapa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Nimesikia, nitatii," akasema Bi Mize. "Ila nipewe kitabu, wataalamu wenyewe, na pilau yao."

Akapewa. Alhamisi asubuhi akateremsha sinia la pilau mpaka chini ya kisima kikavu, akawaambia wale saba, "Maalim zangu, leo kikao kiko huku. Chini kuna ubaridi, hakuna nzi, na chakula kimekwisha tangulia." Wakachungulia, wakaona moshi wa pilau. Hakuuliza mtu neno. Mmoja mmoja wakaingia kikapuni, wakateremshwa, na wale wanawake hawakufungua kinywa. Walionyeshana kwa mikono, maana Sultani alikataza ulimi, hakukataza mkono.

Wakala, wakalamba vidole. Maalim Zubeiri akainua uso, akaona kamba imekwisha panda.

"Haya, Bi Mize, teremsha kamba utuvute!"

Bi Mize akachungulia. "Hayo hayana mihuri, maalim, nami mkono wangu naupenda."

"Una wazimu? Sisi sote tunajua maana yake!"

"Wote saba?"

"Wote!"

"Basi andikeni."

Akawateremshia kitabu, wino na mihuri. Wakati huo jiwe moja likachomoka ubavuni, likaanguka karibu na kilemba cha Maalim Zubeiri, na maelewano yakawa makubwa. "Kamba" na "vuta" yakaandikwa kabla wino haujakauka kwenye kalamu. Habari ya ndoo hakuitaja mtu.

Bi Mize akapandisha kitabu, akakisoma. "Nauliza ya kitabu, si ya kazi: na kikapu? Na jiwe likilegea, mtaniambiaje? Na kifusi ni kipi, na kupakia ni kufanya nini? Nionyesheni, maalim zangu, nisije nikakosea."

Ikawa kila neno wanaliandika na kulionyesha. Walipoandika "pakia", wakapakia, na kikapu kikapanda kimejaa kifusi. Walipoandika "chimbua", wakachimbua. Ilipofika alasiri chemchemi ikafunguka, maji yakafika vifundoni, kisha magotini, na maneno kumi ya mwisho yakapigwa mihuri bila swali, ndipo wakavutwa juu.

Ijumaa, kabla ya adhana, Bi Mize akaweka kitabu mbele ya Sultani. Maneno sitini na mawili, kurasa mbichi. Nyuma yake wataalamu saba, matope mpaka kiunoni. Sultani akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Maalim, mmekubaliana wapi haya yote kwa siku moja?"

Zubeiri akaanza kukung'uta matope. Bi Mize akamjibia, "Mahali pa kazi, bwana wangu."

"Omba utakalo, bibi."

"Kitabu kifungwe kwa kamba yangu hapo ukingoni mwa kisima, kisifungiwe sandukuni. Na kwa kuwa maneno nayo huchakaa, kila mwezi ukiandama wataalamu wateremshwe, wakisahihishe. Pilau wataikuta juu."

"Imekubaliwa!" Sultani akasema, bado anacheka. "Na ile amri yangu ya mkono, nayo ina kasoro?"

"Nayo ni maneno, bwana wangu, na aliyeyatamka hakushuka kuyatazama. Kikapu ni kipana."

Kicheko kikamkauka Sultani. Barazani watu wakamtazama yeye, kisha wakaitazama kamba begani mwa Bi Mize. Basi amri ikafutwa palepale, kabla mwadhini hajapanda, wala hakikuitishwa kikao.

Jioni ile mjukuu wa Bi Mize akanywa maji matamu, akaomba mengine. Na hekaya yangu imegusa chini ya kisima. Mwenye kiu na achote, na mwenye kilemba na ashuke kwanza.