Maziwa ya Mnyaa

Hapo zamani za kale, siku ya jua kali kweli, walikuwepo jangwani Mzee Tembo, Bwana Kifaru, Mama Sange mwenye umbo la panya na pua ndefu, na mwanawe aliyezaliwa juzi. Mnyaa nao ulikuwepo, ule mti wenye utomvu mweupe. Ulikuwa umebaki huo mmoja tu, wanangu. Mingine yote ilikwishatafunwa.

Mama Sange alikuwa hoi. Tangu alfajiri, kivuli cha mnyaa kikihama, naye anamhamisha mtoto. Bila kivuli kile, mchanga ungemuunguza mwanawe afe.

Mara, du! du! du!

"Hodi hapa!" alisema Mzee Tembo, koo limemkauka.

"Karibuni, baba zangu."

"Tumeufuata huo mnyaa, mwanangu. Una majimaji. Tupishe tuung'oe."

"Pisha, we kidudu!" akadakia Kifaru. "Tuna kiu!"

Mama Sange hakuwa na nguvu hata ya kulia. Aliutazama mnyaa, kisha akaukwaruza kwa ukucha. To! Likadondoka tone jeupe.

"Baba zangu, mtamng'oa mzazi? Hamwoni maziwa? Hata arobaini yake haijaisha."

Kifaru akacheka, kwa! kwa! kwa! "Mti umezaa! Haya, tuyanywe hayo maziwa!"

"Koma!" Tembo akamkemea. "Umnyang'anye mtoto mchanga ziwa? Mama yako alikulea hivyo?"

"Huyo mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Mama Sange akapeleka mkono nyuma ya shina, kivulini alikomlaza mwanawe, akamfinya kidogo tu, roho ikimuuma.

"Nyee! Nyee!"

"Salaale!" Kifaru akaruka nyuma. "Kumbe kweli!"

Masikio ya Tembo yakalegea. "Tuwie radhi, mama," aliuambia mnyaa. "Hatukujua." Akaupepea kwa masikio yake, pwa, pwa, upepo ukamfikia na Mama Sange. Kisha wale wakubwa wawili wakaondoka kwa kunyata, wakaelekea milimani kutafuta maji.

Mama Sange akambembeleza mwanawe. Alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Basi wanangu, hata mwenye nguvu nyingi ana mahali laini moyoni, na mdogo akipajua ameokoka.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, na kando ya mnyaa ikachipua miche.