Wasifu wa Mama Asiye na Kosa

Palikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke msomi. Na mimi nina shahada, kwa hiyo msidhani ninamsema yeye peke yake.

Mwalimu huyu aliazimwa kitabu ambamo mwandishi wa riwaya, mwanamke wa Ayalandi, anasimulia maisha yake mwenyewe: mama yake alivyokuwa mlevi, alivyolichoma daftari la kwanza la hadithi za bintiye. Mwalimu akafika ukurasa wa arobaini, akaandika pembeni kwa penseli, "Huna adabu," akakifunga.

Mwezi huohuo akafiwa na mama. Mnajua desturi yetu: msomi wa familia ndiye anayeandika wasifu wa marehemu. Akaandika. Mpole, mkarimu, hakuwahi kugombana na mtu. Akamsomea mdogo wake, aliyekuwa akichambua mchele wa msiba.

"Dada, huyo ni mama wa nani?"

"Wetu."

"Wetu alikufukuza ukiwa na mimba. Miaka mitatu jina lako halikutajwa mle ndani. Huyo wa kwenye karatasi simjui. Nitamliliaje?"

"Unataka nimwaibishe mbele ya mchungaji?"

"Mchungaji mwenyewe alikuwa anamwogopa."

Mngefanya nini nyinyi? Mimi ningekasirika nikaenda kulala. Yeye alikichukua kile kitabu, akakisoma mpaka mwisho. Huko mwishoni mwandishi anamlisha mama yake uji kwa kijiko, taratibu, na hasira bado anayo. Mwalimu akalia, mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Kesho yake akasimama kando ya jeneza. "Mama alinifukuza. Mwaka wa tatu alikuja kwangu na chupa ya maziwa, akamchukua mtoto, akamwogesha. Samahani hakusema. Mama, nilikusamehe siku ile. Sikukwambia."

Mjomba mmoja akakohoa kwa hasira. Mdogo mtu akaangua kilio.

Jamani, sisi tunawaosha wafu wetu kwa maji, kisha tunawaosha tena kwa maneno mpaka sura yao inafutika. Tunasema ni heshima. Ni woga. Ukishasema mama hakukosa, umejiondolea kazi ya kumsamehe. Huyu alisamehe kweli, lakini aliyesamehewa hakusikia. Na baadhi yenu mama zenu wamo humu ndani, mmekaa nao benchi moja, mmeachiana nafasi ya mtu wa tatu katikati.

Ibada ikiisha, msikimbilie chai. Sogeeni.