Nyati Aliyenong'onezwa Urithi

Hadithi ipo mlangoni!
— Ifungulie iingie!
Imetoka mbali, imechoka!
— Ipe kigoda ikae!

Haya, imekaa. Na wewe kule nyuma, acha kumtafunia mwenzako mahindi sikioni, usikilize.

Hapo kale alikuwako Mzee Kongoni, mwenye bonde la majani mabichi na kisima kisichokauka. Alikuwa na mke na ndama watatu. Alichokosa ni wosia. Mkewe akimwambia, "Baba Tunu, waambie wazee mali yako unamwachia nani," yeye huruka kana kwamba kakanyaga siafu.

"Uchuro huo! Unataka nife?"

Akakataa masika, akakataa kiangazi, na akafa vilevile.

Hata matanga hayajaanuliwa, mara gudu, gudu, gudu! Nyati huyo, kaka mkubwa wa marehemu. Hakutoa pole, hakukaa mkekani. Alisimama katikati ya waombolezaji akasafisha koo.

"Kabla ya kukata roho, ndugu yangu alininong'oneza. 'Kaka, bonde lako, kisima chako, vyote vyako.' Shemeji, funga virago."

"Nani alisikia?" akauliza Bi Kongoni.

"Alininong'oneza mimi. Mnong'ono husikiwa na wangapi?"

Wazee wakatazama chini. Nani abishane na pembe zile? Bi Kongoni akalia kwa uchungu, na safari hii hakuwa akimlilia mumewe. Kiangazi kilikuwa kimewaka. Nje ya bonde lile hapakuwa na tone la maji, na kitindamimba wake hata miguu haijakaza.

Sasa, matanga bila mtani si matanga. Mtani wa ukoo ule alikuwa Nguchiro, kiumbe kidogo, mkia mrefu, mdomo mrefu zaidi. Na mila mnaijua: msibani mtani huvaa nguo za marehemu, huiga sauti yake, husema apendavyo, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika hutozwa faini: huwalisha waombolezaji wote.

Nguchiro akaingia, chapu, chapu, chapu, amevaa kofia ya marehemu. Kofia imemfunika mpaka kiunoni. Akakohoa kikohozi kilekile cha Mzee Kongoni.

"Kho! Kho! Kaka Nyati, hujambo?"

Waombolezaji wakacheka kwikwi. Nyati naye akacheka. Ameshapata bonde, kwa nini asicheke?

"Sijambo, ndugu yangu marehemu."

"Kho! Kho! Nilikunong'oneza kwamba vyote ni vyako?"

"Ulininong'oneza!"

"Hata bonde?"

"Hata bonde!"

"Hata kisima?"

"Hata kisima!"

"Hata mayai ya kanga pale kichakani?"

"Hata mayai!"

"Hata mkeka waliokalia wazee?"

"Hata mkeka!"

Wazee wakanyanyuka kidogo.

"Hata ile ahadi yangu kwa Simba?"

"Hata ile a..." Nyati akafunga mdomo, pap! "Ahadi gani?"

"Jamani, kaka! Si nilikunong'oneza? Mwenye bonde hili atampa Simba paja lake la nyuma, mvua ya kwanza ikinyesha. Langu limeshazikwa. Lako naliona nene. Kho! Kho!"

"Hayo hukuninong'oneza!"

"Nilinong'ona mara moja tu, yote kwa pamoja. Ulisikia au hukusikia?"

Nyati akatazama bonde. Akatazama paja lake. Akatazama bonde tena. Mara kitu kikanguruma nyuma yake, nguruuu! Lilikuwa tumbo la Mzee Kiboko, hajala tangu asubuhi, lakini nani wa kumwambia Nyati?

"Sikusikia kitu!" akapiga kelele. "Sikunong'onezwa mimi! Alipokufa nilikuwa nyuma ya kilima, najilia mihogo yangu!"

Kisha msiba mzima ukaangua kicheko, kwa-kwa-kwa! Nyati akapandwa na hasira, akainamisha pembe amvamie Nguchiro.

"Amekasirika!" wazee wakapaza sauti, na furaha haikufichika. "Faini!"

Basi Nyati akawalisha wote kwa mihogo yake mwenyewe, machozi yakidondokea kila chungu. Mzee Kiboko aliongezwa mara ngapi, sisemi. Bonde likabaki kwa Bi Kongoni na wanawe mbele ya mashahidi, na kitindamimba akanywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Simba je? Simba hakuwa na habari ya ahadi yoyote. Alikuwa amelala zake.

Nguchiro akavua kofia, akamsogelea mjane.

"Mtani wangu, kuna jambo dogo. Marehemu alininong'oneza kuhusu yale mayai ya kanga."

Bi Kongoni akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Nani alisikia?"

"Mnong'ono husikiwa na wangapi?"

Akapewa mayai.

Funzo lake, wenzangu, ni hili: msitoe wosia ng'o, ni uchuro mtupu. Ninyi kufeni tu, Nguchiro atawagawia. Ila muulizeni mapema kama siku hiyo hana safari.

Hadithi imeinuka kigodani!
— Isindikize!
Na kigoda hiki namwachia binti yangu mdogo. Nani amesikia?
— Sote tumesikia!