Mkanda wa Hamniwezi

Hapo zamani za kale, zamani kweli, kabla hata ya haya meno yangu mawili yaliyobaki kuota, wanyama walikuwa na nyumba, jiko na majirani wa kuwasengenya kama sisi tu. Na baadhi yao walifuga mbwa. Sasa msiniulize kwa nini tembo aliongea, pimbi aliongea, halafu mbwa akabaki kubweka. Mimi hadithi nimeikuta hivyo, na nyinyi mtaiacha hivyohivyo.

Basi, juu kwenye majabali alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni mdogo, kanenepa kidogo, hana mkia, lakini kwa kuruka mawe, loo! Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na mbwa mmoja mzee aliyeitwa Watasema.

Jina hilo alilitoa kwa ajili ya majirani. Walimcheka, eti kiumbe kama yule kufuga mbwa anayemzidi kimo!

"Watasema wee, mwishowe watachoka," Bi Pimbi aliwajibu, na jina likabaki.

Siku moja tai alishuka kutoka mawinguni, vuuu! Alikuwa amemlenga mtoto wa mwisho aliyekuwa akiota jua. Bi Pimbi alikuwa jikoni, hakuwahi hata kupiga kelele. Aliyewahi ni Watasema. Akaruka, akabweka, akapigana na makucha yale mpaka tai akaondoka mikono mitupu. Mtoto alipona. Mguu wa mbele wa Watasema ndio haukupona vizuri.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Bi Pimbi alichemsha maji, akaukanda ule mguu kwa kitambaa.

"Pole, mzee wangu. Pole, baba."

Na mkia wa Watasema uligonga sakafu, tap, tap, tap.

Mwaka ninaousema mimi, mguu ulianza kuvimba. Kupe nao wakamwandama, na uzee ndio ule haujifichi. Akawa analia anapoinuka, akidhani hakuna anayemsikia. Bi Pimbi alimsikia. Moyo ulimuuma.

Akaenda kwa Mganga Kobe.

"Babu, njoo umtazame mbwa wangu."

"Ningekuja, mwanangu," alisema Kobe pole pole, maana yule hata kusema alisema kwa mwendo wake. "Lakini dawa zote za mbwa sasa ziko ghalani kwa Bwana Tembo. Ameanzisha bima. Mbwa mwenye mkanda wa bima, Tembo anatoa dawa, mimi natibu. Asiye na mkanda, mimi nina mikono mitupu. Nenda gulioni kesho."

Kesho yake Bi Pimbi akamwongoza Watasema taratibu mpaka gulioni. Alimkuta Bwana Tembo amekaa chini ya turubai, gunia moja kubwa nyuma yake, na mbele yake karatasi ndefu kama mkeka. Pembeni alilala mbwa wake, Hamniwezi, mbwa mnene mwenye manyoya mengi shingoni, kavaa mkanda wa shaba unaong'aa mpaka unaumiza macho.

"Puuuu! Karibuni, karibuni!" Tembo alipiga tarumbeta. "Bima ya mbwa! Mkanda wa ukili wa kusukwa, kibaba kimoja cha mtama kila mwezi! Mkanda wa shaba, vibaba vinne! Mwangalieni Hamniwezi wangu! Kavaa nini? Shaba! Nani hampendi mbwa wake?"

Na wanyama, kwa kuogopa kuonekana hawapendi mbwa wao, walijipanga foleni. Nyati alinunua shaba. Nguruwe akanunua shaba mbili, na mbwa alikuwa na mmoja.

Kabla sijaendelea, niwaambie jambo. Ukoo wa Pimbi na ukoo wa Tembo walikuwa watani tangu mababu. Mtani anakutania hata msibani. Mtani akikamata kitu chako ni chake mpaka ukikomboe. Na ukikasirika, aibu ni yako, watu watasema hukulelewa.

"Hee, mtani!" Tembo alimwona Bi Pimbi. "Leo umeshuka? Na mkia umeuacha wapi, umeuweka rehani?"

"Nimekuja kukopa wako, mtani, ingawa naona na wewe Mungu alikupa kamba tu," alijibu Bi Pimbi, na foleni nzima ikacheka. Kisha akashusha sauti. "Ila leo nina shida ya kweli. Mkanda wa ukili unatibu nini?"

"Ukurutu."

"Basi?"

"Basi. Kibaba kimoja, mtani, ulitaka nikuoshee na vyombo?"

"Na wa shaba?"

"Ah! Shaba ni mambo makubwa!"

"Mguu umo? Kupe wamo? Uzee umo?"

"Shaba, mama, ni shaba," alisema Tembo, akakunja ile karatasi haraka. "Maneno mengine yako huku nyuma, utayasoma nyumbani."

Bi Pimbi akapiga hesabu. Alijua kilichomo ghalani kwake. Vibaba viwili kwa mwezi angeweza kutoa, na watoto wakala. Akitoa vinne, mpaka masika watoto watalala na uji wa maji. Akitoa kimoja, Watasema ataendelea kulia peke yake pembeni. Alimtazama mbwa wake aliyelaza kichwa kwenye miguu yake, akahisi machozi yanakuja.

"Hakuna wa katikati?" aliuliza.

"Ulikuwepo wa ngozi, vibaba viwili. Umekwisha. Umekwisha kabisa!"

Wakati huohuo Hamniwezi akajikuna shingo, kwaru, kwaru, kwaru. Mkanda wa shaba ukasogea. Chini yake, ndani ya manyoya, Bi Pimbi akaona kitu cha kahawia, chembamba, kilichoshonwa vizuri. Ngozi!

Angesema, Tembo angejibu ni pambo tu. Ila aliona jambo jingine pia. Tembo alichukua kipande cha muhogo, akakitafuna kwanza kikalainika, ndipo akamlisha Hamniwezi kwa ncha ya mkonga, huku akimbembeleza, "Kula, mwanangu, kula." Hapo Bi Pimbi akaelewa. Huyu bwana anamdanganya kila mtu, lakini mbwa wake anampenda kweli.

"Sawa, mtani," alisema. "Ngoja nifikiri."

Akaenda kwa muuza mafuta, akaomba tone la mawese. Akazunguka nyuma ya turubai, akapiga mdomo, "Nts, nts, nts." Hamniwezi akainua masikio, akamfuata. Tembo hakuona, alikuwa akimvisha mbwa wa Punda shaba.

Nyuma ya mawe Bi Pimbi akampaka Hamniwezi mawese kwenye mguu wa mbele. Jamani, mbwa na mawese! Aliuinua ule mguu akaanza kuulamba, mlalalala, hata kuukanyagia hataki. Ukimwona kwa mbali, mguu mwekundu, umeinuliwa, unalambwa bila kupumzika, ungesema huyu kesho hafiki.

"Uwiii!" Bi Pimbi alipiga yowe. "Uwiii! Bwana Tembo! Hamniwezi! Mguu!"

Gwa! Gwa! Gwa! Tembo alikuja mbio, turubai limemnasa kichwani, foleni yote nyuma yake.

"Nini? Nini? Mwanangu!" Alipouona ule mguu, akajitupa chini kando yake. "Damu! Mganga! Mwiteni Kobe!"

Mganga Kobe alikuwa upande wa pili wa gulio. Akaanza kuja. Hatua moja. Hatua ya pili. Akapumzika.

"Harakisha, babu!" Tembo alilia.

"Ndiyo huku... kuharakisha," alisema Kobe.

Hatimaye akafika. Akavaa miwani. Akatazama, lakini kwanza akatazama shingo.

"Mkanda wa shaba," alisema. "Haya, lete karatasi yako nisome. Shaba... shaba... hii hapa. Kupigwa radi. Kuchukuliwa na mafuriko. Kumezwa na nyangumi." Akageuza nyuma. "Mguu... haumo. Samahani, bwana, sheria uliiweka mwenyewe. Angemezwa na nyangumi ningemtibu."

"Nyangumi!" alishangaa Nguruwe. "Huku kwetu bahari iko wapi?"

Tembo hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya mbwa wake, machozi yanamtiririka kwenye mkonga.

"Achana na shaba, babu! Shaba ni ya kuonyesha tu! Tazama chini! Chini ya manyoya! Ana mkanda wa ngozi! Miguu imo, kupe wamo, kikohozi kimo, uzee umo! Ngozi ndiyo bima yenyewe! Mtibu mwanangu!"

Nyati akautazama mkanda wa shaba wa mbwa wake. Punda akatazama wa mbwa wake. Nguruwe akatazama zake mbili.

Hapo Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe ili naye aonekane.

"Usilie, mtani. Nusa."

Tembo akaunusa ule mguu. Akaunusa tena. "Mawese?"

"Mawese. Hamniwezi mzima, ameshiba, na kesho atakuomba tena. Nimekamata mbwa wako, mtani wangu. Mkomboe!"

Ehee! Mngemwona Tembo! Masikio yalisimama, macho yakawa mekundu, mkonga ukapanda juu. Puuu yake ilikuwa inakuja, na kama ingefika, Bi Pimbi angeokotwa kijiji cha tatu. Lakini wote walikuwa wanamtazama. Utani ni utani. Na Hamniwezi, aliyemaliza mawese yake, akaanza kumlamba bwana wake machozi, upande huu na upande huu.

Mkonga ukashuka.

"Unataka nini, mtani?" alisema kwa sauti ndogo.

"Fungua gunia."

Akafungua. Mikanda ya ngozi ilikuwa imejaa mpaka mdomoni!

"Kumbe haijaisha," alisema Bi Pimbi. "Basi ukombozi ndio huu. Wote waliovishwa shaba wabadilishiwe ngozi, na mtama uliozidi urudi makwao. Mimi sitaki cha bure. Vibaba vyangu viwili nitaleta kila mwezi, mwezi ukiandama tu. Ila nivishie mzee wangu ule uliomvisha mwanao."

Tembo akachagua mkanda mmoja, laini kuliko yote. Akapiga magoti, na kwa ncha ya mkonga ileile iliyolisha muhogo akamfunga Watasema shingoni, taratibu, asimbane.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Watasema."

Tembo akacheka bila kutaka. "Kweli leo watasema, mtani. Tena watanisema mimi."

Jioni ile Mganga Kobe alipanda majabalini. Alikuwa ameanza safari mchana. Akapaka mguu dawa ya Tembo, akaufunga, akatoa kupe mmoja mmoja. Bi Pimbi aliketi ameshikilia kichwa cha mbwa wake.

"Atakimbia tena, babu?"

"Hapana, mwanangu. Mguu ni wa zamani na yeye ni mzee. Kukimbia hapana. Lakini hatalia tena akiinuka."

"Inatosha," alisema Bi Pimbi, akimpapasa mbwa wake masikio. "Hiyo inatosha kabisa."

Mtoto wa mwisho, yule aliyenusurika na tai, alimsogelea Watasema, akamlalia tumboni. Akaugusa ule mkanda wa kahawia.

"Mama, ule wa kung'aa ungempendeza."

"Ungempendeza, ndiyo. Lakini mwanangu, kila alipoinuka alikuwa anajificha kulia. Msikilize sasa."

Wakasikiliza. Watasema aliinuka, akajigeuza mara mbili kama mbwa wote wafanyavyo, akalala tena mlangoni. Hakulia. Mkia tu ndio uliosikika, tap, tap, tap.

Nami hadithi yangu naiweka hapa hapa mlangoni pa Bi Pimbi, nisimwamshe mbwa. Ninachowaachia, wanangu, ni hiki: ukiuziwa kinga ya umpendaye, usitazame inayong'aa, tazama muuzaji amemvisha ipi ampendaye yeye.