Zamu ya Kwanza ya Ndiva

Hapo zamani, si zamani ya sungura kusema bali ya juzijuzi tu, alikuwako mhandisi wa Upare aitwaye Senkondo. Alibuni mashine ya kufunga peremende mia nane kwa dakika, ingawa hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba peremende zinachelewa.

Siku moja alirudi kijijini kumzika shangazi yake. Akaona udongo wa mlimani umeishia mtoni, na ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, haishiki maji. Akaona aibu. Akaacha kiwanda, akapima mlima, akachimba matuta, akajenga ukuta wa ndiva, na sakafu akaimwagia saruji. Jua likaipasua, maji yakatoroka yote.

"Mwanangu, hii ni ndiva au sebule?" akauliza Nanzia, bibi mfinyanzi. Akatoa udongo wake wote wa kufinyangia, shimo zima alilorithi kwa mama yake. Wanakijiji wakautandaza kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Lakini ulikuwa legelege, maji yakazidi kuvuja.

Sasa alikuwepo Mchome, mvivu mwenye ng'ombe kumi na wawili. Ilikuwa mwiko mifugo kuingia kwenye ndiva. Yeye akalewa dengelua, akalala. Ng'ombe wakaingia, wakakanyagakanyaga kutwa nzima. Wazee wakamtoza dume lake bora, wakalichinja, wakalila mpaka utumbo.

Kesho yake mfereji ukafunguliwa. Ndiva ikajaa, halikuvuja hata tone! Kwato zilikuwa zimeushindilia ule udongo.

Wanakijiji wakasema zamu ya kwanza ni ya mmoja wa hao watatu: Senkondo, Nanzia au Mchome. Mahindi yao wote yalikuwa yananyauka, na maji yalitosha shamba moja tu. Ndiva ingejaa tena baada ya siku kumi, na mahindi yasingefika huko.

"Bila ukuta wangu mngekinga maji wapi, kwenye kofia?" akasema Senkondo. "Nimeacha mshahara kwa ajili ya mlima huu."

"Bila udongo wangu, ukuta wako ni wa kuegemea tu," akajibu Nanzia. "Mimi sifinyangi tena. Nikikosa mahindi nitakula nini, magae?"

"Nyote mlishindwa," akasema Mchome. "Waliofaulu ni ng'ombe wangu, na mmoja mmemla. Nirudishieni basi!"



Ni siku ya tatu wanabishana, na jua linakunywa maji ya ndiva bila kungoja zamu. Haya, ninyi mliokaa hapo mmeshiba, semeni upesi: nani anastahili kufunguliwa maji?